Koseti ya mgongo haimnyooshi mtoto, inamkalisha

Mzazi akikabidhiwa koseti ya mgongo kwa mara ya kwanza, swali lake karibu kila mara ni moja: hii itamnyoosha mwanangu? Ni swali la haki kabisa. Kitu chenyewe ni kigumu, cha plastiki nene, kinazunguka kiwiliwili kutoka chini ya kwapa hadi kwenye nyonga, na mikanda yake inakazwa barabara. Ukikitazama unaamini kimetengenezwa kunyoosha. Tena mzazi amekwisha kusikia kwa jirani, au ameona kwenye video, habari za msichana aliyevaa kifaa cha namna hiyo miaka miwili na mgongo wake ukatulia. Habari hizo zinaweza kuwa za kweli. Lakini msichana huyo anatembea, anapanda daladala mwenyewe, anaruka kamba. Mtoto ninayemzungumzia hapa hatembei, pengine hata shingo haijakaza. Ana mtindio wa ubongo mkali, au mgongo wazi, au ugonjwa wa misuli, na mgongo wake unapinda kwa sababu nyingine kabisa.

Mkanganyiko mwingi kuhusu koseti unaanzia hapo. Hali mbili zisizofanana zinavalishwa kifaa kinachofanana, kisha mzazi wa mtoto mmoja anapewa matumaini ya mtoto mwingine.

Tuanze na mgongo wenyewe. Kupinda kwa upande huitwa skoliosisi, na hupimwa kwenye picha ya eksirei kwa njia iliyoelezwa na daktari Mmarekani John Cobb mwaka 1948. Pingili iliyoinama zaidi juu ya pindo, yaani sehemu ya mgongo iliyopinda, huchorewa mstari, iliyoinama zaidi chini nayo huchorewa wake, na pembe inayopatikana baina ya mistari hiyo ndiyo kipimo. Kuanzia digrii 10 ndipo huhesabiwa kuwa skoliosisi. Pingili haziendi upande tu, zinajizungusha pia, ndiyo maana ukimtazama mtoto kwa nyuma unaona mbavu za upande mmoja zimetokeza kuliko za upande wa pili. Kibiongo cha kifua kikuu cha mgongo ni habari nyingine: huchomoza nyuma, mara nyingi katikati ya mgongo, na huja pamoja na maumivu, homa za jioni na kukonda. Mtoto wa namna hiyo anahitaji vipimo na dawa za TB haraka, kabla mtu hajafikiria koseti.

Skoliosisi inayojulikana zaidi ni ile ya vijana wanaobalehe, wengi wao wasichana, ambayo chanzo chake hakijulikani. Kwa hao koseti ina ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika vituo 25 vya Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba asilimia 72 ya waliovaa walimaliza kukua bila mgongo kufika digrii 50, dhidi ya asilimia 48 ya ambao hawakuvaa. Waliovaa saa nyingi zaidi kwa siku ndio walionufaika zaidi. Kwa vijana hao misuli iko salama. Koseti inamsukuma kijana kwenye pindo, naye mwenyewe anajivuta kulikwepa lile shinikizo, siku baada ya siku, huku mifupa ikiendelea kukua.

Mtoto mwenye mtindio mkali hana nguvu hiyo ya kujivuta. Mgongo wake ni mlingoti wa dau ambao kamba za upande mmoja zimekazwa kupita kiasi na za upande wa pili zimelegea. Ukimkalisha, uzito wa kichwa na mabega unamwelemea, mgongo unalala upande mmoja kwa pindo moja refu linaloshuka hadi kwenye nyonga, na nyonga yenyewe inainuka upande mmoja. Ukiuvisha mlingoti gamba gumu utausimamisha kwa muda, ila kamba zitabaki vilevile. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa watoto wenye mtindio mkali waliovaa koseti karibu siku nzima kwa miaka, na wenzao ambao hawakuvaa. Kasi ya mgongo kupinda haikutofautiana.

Hatari yenyewe ni kubwa. Wataalamu huwagawa watoto wenye mtindio katika ngazi tano za uwezo wa mwendo, mfumo uliotungwa Kanada mwaka 1997. Wa ngazi ya kwanza anatembea na kukimbia. Wa ngazi ya tano hawezi kuushikilia mwili wake hata akiwa ameketishwa, na hubebwa au husukumwa kila aendako. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2012, uliowahusu watoto 666, ulikuta kwamba mtoto wa ngazi ya nne au ya tano ana uwezekano wa asilimia 50 wa kupata skoliosisi ya wastani au kali afikapo miaka 18. Wa ngazi ya kwanza na ya pili karibu hawana hatari hiyo. Na kwa hawa wa ngazi ya nne na ya tano mgongo haungoji mifupa imalize kukua ndipo utulie, unaweza kuendelea kupinda taratibu hata ukubwani.

Sasa kama haizuii kupinda, kwa nini ivaliwe?

Kwa sababu mtoto anaishi leo, na kukaa ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani sisi tunaokaa bila kufikiria. Mtoto anayeanguka upande anatumia kila alichonacho ili asidondoke. Shingo inahangaika, macho yanatazama sakafu, mikono imekamata chochote. Akishikiliwa kiwiliwili, kichwa kinapata pa kutulia, macho yanainuka, na mikono inaachiliwa.

Niliwahi kukaa kwenye karakana ya viungo bandia hapa Dar es Salaam wakati msichana wa miaka tisa, mkazi wa Mbagala, akijaribishwa koseti yake. Alipowekwa kwenye benchi bila kifaa, alilalia kulia. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimebanwa kwenye ubao, kiwiko kimekazwa, na mbavu za upande huo zilikuwa zimeshuka hadi kugusa mfupa wa nyonga. Katikati yake ngozi ilikuwa imejikunja, na ndani ya mkunjo huo kulikuwa na unyevu wa jasho. Fundi alimvisha, akakaza mkanda wa chini kwanza, kisha wa katikati, kisha wa juu. Tukasubiri. Baada ya muda kiganja kile kikaachia ubao. Mtoto akakiinua, akakitazama, akaenda kushika pindo la kanga ya mama yake na kulivuta.

"Mama Rehema," fundi akasema, "unaona huo mkono?"

"Naona, kaka. Kumbe siku zote alikuwa anajishikilia nao. Mimi nikijua umepooza."

Hilo ndilo jibu la koseti kwa mtoto wa aina hii. Inafaa kupimwa kwa mambo hayo: anakaa muda gani bila kuchoka, anakula bila kupaliwa, anaitazama sura ya anayeongea naye, mkono unafika kwenye kijiko, mama anaweza kumwacha dakika kumi akakoroge uji. Kwa maoni yangu ni kosa kumkabidhi mzazi koseti bila kumwambia lengo hili waziwazi. Asiyeambiwa ataipima kwa eksirei, ataona pindo limeongezeka, atajilaumu kwamba hakumvalisha vya kutosha, na ataitupa uvunguni. Nimewaona wazazi wakibeba lawama hiyo, na inaniuma kwa sababu si yao.

Kwa mtoto mdogo ambaye mgongo wake bado ni laini kuna faida ya pili: koseti inaweza kumweka katika hali nzuri zaidi huku akikua, na kusogeza mbele siku ya kuamua juu ya upasuaji. Hapo neno "laini" ndilo la kuzingatia. Kabla ya kupima koseti, mtaalamu hulaza mtoto au kumnyanyua kidogo kwa makwapa na kuona kama pindo linapungua. Likipungua, kuna cha kushikilia. Lisiposogea, mgongo umekwisha kukakamaa, na kuulazimisha kwa plastiki kutazaa vidonda tu. Mtoto wa namna hiyo ni afadhali atengenezewe kiti kinachofuata umbo lake.

Kwa sababu hiyo hiyo, picha za eksirei zilinganishwe za mkao mmoja. Picha aliyopigwa amelala mwaka jana na aliyopigwa ameketi mwaka huu zitatofautiana kwa digrii nyingi, hata kama mgongo haujabadilika. Mzazi atunze picha zote, aulize kila moja ilipigwa mtoto akiwa vipi, na aandike kwenye bahasha.

Jinsi inavyotengenezwa

Koseti inayofaa hukatwa kwa mwili wa mtoto mmoja. Mtoto huvalishwa fulana nyembamba ya kubana, na fundi huweka alama kwa penseli kwenye mifupa inayochomoza: ncha za nyonga, mbavu za chini, mfupa wa kifua. Kisha bandeji za plasta zilizolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu huzungushwa kiwiliwili huku mtu mmoja akimvuta mtoto taratibu na mwingine akisukuma nyonga ikae sawa. Plasta hupata joto inapokauka. Mtoto aambiwe mapema, hata kama hasemi. Ile alama ya penseli huhamia ndani ya plasta, na ndani ya plasta hiyo humiminwa plasta nyingine kupata sanamu ya kiwiliwili. Fundi huichonga sanamu, akiongeza unene pale mfupa unapochomoza ili plastiki isiuguse, na kupunguza pale anapotaka kusukuma. Mwisho hupasha plastiki ya polipropilini au ya jamii yake kwenye oveni hadi ilegee, na kuilaza juu ya sanamu.

Nyonga ndiyo ya kutazamwa kwanza siku ya kujaribisha. Koseti isiposhika nyonga vizuri, kila kinachosukumwa juu yake kinateleza. Ukingo wa juu usichimbe kwapa, na ukingo wa chini usimkate mapaja akiketishwa. Ajaribishwe ameketi, kwenye kiti chake, maana ndimo atakamoivaa.

Tumbo nalo lina haki yake. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa mara nyingi hupumua kwa tumbo, hucheua chakula, na mapafu yake hayana akiba. Koseti iliyobana tumbo humpunguzia pumzi na kurudisha uji kooni. Kwa hiyo mbele hukatwa dirisha, na kama analishwa kwa mrija wa tumboni, dirisha hupangwa lizunguke mrija. Nguvu za kukaza zipimwe kwa pumzi yake. Akianza kupumua haraka, midomo ikibadilika rangi, akikataa chakula alichokuwa akila, au akiwa analala ovyo mchana, ilegezwe na arudishwe kwa wataalamu. Mwenye kifafa akishikwa na degedege, mikanda ifunguliwe mara moja.

Ngozi, jasho na saa za kuvaa

Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa nchi za baridi unapotuangusha. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar es Salaam na unyevu wake vinamtoa jasho hata mtu aliyekaa kivulini bila shati. Mtoto aliyefungwa plastiki, anayeishi kwenye chumba cha bati kisicho na feni, hawezi kuvaa saa ishirini na tatu, na hana sababu ya kuzivaa. Saa hizo ni za wale vijana wanaotembea. Huyu wetu aivae anapoihitaji: asubuhi akila, akiwa darasani, akicheza, kwenye safari. Mchana wa jua kali ivuliwe. Usiku, kwa wengi, haivaliwi kabisa isipokuwa mtaalamu ameagiza kwa sababu maalumu.

Siku za mwanzo avae nusu saa, au saa moja, kisha avuliwe na akaguliwe. Muda uongezwe kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Vitabu husema tazama wekundu, na kama hautoweki ndani ya nusu saa, koseti ina kasoro. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na mzazi anaweza kukagua vizuri kabisa asione kitu. Tumia kiganja. Pitisha mkono juu ya ncha za nyonga, mbavu, na chini ya kwapa. Sehemu yenye joto kuliko jirani yake, au iliyokuwa ngumu, au iliyozidi weusi na kung'aa, ndiyo inayoelekea kuchubuka. Mtoto asiyesema husema kwa njia zake: anakunja uso ukigusa pale pale, au analia kila ukifunga mkanda fulani. Aaminiwe.

Ndani avae fulana ya pamba inayobana, isiyo na mishono ya ubavuni, ndefu kuliko koseti, ivutwe chini baada ya kufunga ili isijikunje. Ziwe tatu au nne kwa sababu zitalowa. Mafuta ya nazi na poda tunavyovipenda visipakwe chini ya koseti; mafuta huilainisha ngozi ikachubuka upesi, na poda hushikana na jasho. Koseti ifutwe kwa maji ya sabuni, ikaushwe kivulini. Ikiachwa juani au ndani ya gari lililofungwa inaweza kupoteza umbo.

Si kila ugonjwa ni sawa. Mwenye mgongo wazi huenda hana hisia kiunoni na makalioni, kwa hiyo kidonda kinaweza kufika mfupani bila yeye kulia. Kwake ukaguzi wa ngozi ni kila anapovuliwa, bila kuruka. Tena kwa mtoto huyo, mgongo ukianza kupinda kwa kasi, au miguu ikidhoofu, au mkojo ukibadilika, tatizo linaweza kuwa uti wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, ulionaswa ndani, jambo la daktari wa upasuaji wa neva. Wavulana wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne hawashauriwi koseti ngumu ya kuzuia kupinda. Haizuii, na inawabana mapafu ambayo tayari yanadhoofika.

Koseti haifanyi kazi peke yake

Mtoto akiivaa saa nne na kuzitumia saa ishirini zilizobaki amejikunja, hatujafanya kitu. Kiti ni nusu ya tiba. Mkanda wa nyonga ukae chini, kwenye mkunjo wa paja, usipande tumboni. Mguu upate pa kukanyaga. Meza ya mbele ibebe mikono ili mabega yapumzike. Mashikio ya pembeni yawe matatu: moja ubavuni pale pindo linapotokeza, jingine juu zaidi upande wa pili, na la tatu kwenye nyonga. Seremala wa mtaani mwenye vipimo sahihi anaweza kukitengeneza kwa mbao na sponji ngumu, na kuna viti imara vinavyotengenezwa kwa maboksi yaliyogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, njia iliyoanzia Zimbabwe. Kwenye kulala, mto kati ya magoti na mwingine mgongoni vinamzuia asilale amejipinda upande ule ule usiku kucha.

Viungo vya nyonga navyo vipigwe picha. Kwa watoto wa ngazi ya nne na ya tano kiungo cha paja huchomoka taratibu, nyonga inainama, na mgongo unaathirika pamoja nayo. Ni jambo la kawaida kukuta mtoto anatibiwa mgongo miaka na nyonga yake haijawahi kutazamwa.

Kinachonyoosha kweli ni upasuaji. Vyuma hufungwa kwenye pingili, na kwa mtoto asiyetembea mara nyingi hushuka hadi kwenye nyonga. Hufikiriwa zaidi pindo likizidi digrii 50 na likiendelea, hasa likiwa linamzuia kukaa au linamuumiza. Ni upasuaji mzito. Maambukizi na matatizo ya mapafu si haba, na mtoto aliyekonda lazima anenepeshwe kwanza. Hata hivyo familia nyingi zilizoupitia husema mtoto anakaa vizuri zaidi na kutunzwa kwa urahisi. Hapa kwetu Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hufanya upasuaji wa mgongo. Mazungumzo hayo yaanze mapema, pindo likiwa digrii 30 au 40, ili mzazi apate muda wa kuuliza na kufikiri.

Kwa koseti zenyewe, Dar es Salaam ina karakana za MOI pale Upanga na za hospitali ya CCBRT pale Msasani, na mafundi sanifu wanaofundishwa katika chuo cha mafunzo ya viungo bandia cha TATCOT kilichoanza Moshi mwaka 1981. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele mwaka 2016, visaidizi vya mgongo vilikuwamo. Kwa hiyo mzazi anapoulizia gharama, msamaha au bima kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, anaulizia hitaji la msingi la mtoto. Aende na kiti anachotumia mtoto nyumbani, hata kama ni cha kulia chakula kilichofungwa kanga. Aende na picha zote za eksirei, fulana za kubadilisha, chakula anachokula, na video fupi ya simu ikionyesha anavyokaa siku ya kawaida, maana kliniki mtoto huwa amechoka na safari.

Baada ya hapo koseti ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa kuwa mtoto anakua na plastiki haikui. Ikianza kuchimba kwapa, kuacha alama nyonga zote mbili, au mikanda ikiwa haifiki tena, muda wake umekwisha. Isipewe mtoto mwingine mwenye kimo sawa, hata kwa nia njema: yale mabonyeo yaliyochongwa kusukuma ubavu wa huyu yatakandamiza mfupa wa yule. Kiti kinaweza kupokewa na mtoto mwingine, baada ya mtaalamu kumpima na kusogeza mashikio yake.